Picha Zako Uziuze Wapi? Njia Nne za Kuuza Picha za Akiba Mtandaoni

Kuna picha unayoipiga kwa sababu mteja ameiagiza, na kuna picha unayoipiga kwanza ndipo ikae ikimsubiri mteja. Hii ya pili ndiyo picha ya akiba: daktari anayempima mtoto, daraja wakati wa mawio, mikono inayokanda unga. Mhariri wa gazeti, mchapishaji wa vitabu vya shule au mtengeneza matangazo ataitafuta siku akiihitaji, atalipia leseni na kuendelea na kazi yake. Wewe unabaki na hakimiliki, na kesho unaweza kumuuzia mwingine picha hiyo hiyo.

Kinachowakwamisha wengi si namna ya kupiga picha hizo, ni mahali pa kuziweka. Nawafahamu wapiga picha hodari ambao hawajapakia hata moja kwa sababu wameshindwa kuamua. Na wapo wengine, ambao hunisikitisha zaidi, walioingia mlango wa kwanza waliouona, wakakubali masharti bila kuyasoma, kisha wakagundua kwamba picha zao bora zimefungwa pasipowafaa. Nimeandika nikiwafikiria wote hao.

## Njia zenyewe

Ya kwanza ni kuuza kupitia benki kubwa za picha bila kujifunga na yeyote. Shutterstock, Adobe Stock na iStock ndizo zinazojulikana zaidi. Picha ile ile unaipakia kote. Wanunuzi wengi wamelipia usajili wa mwezi au wa mwaka, kwa hiyo bei ya picha moja ni ndogo. Leseni ni ya kulipa mara moja: mnunuzi akishalipa, anaitumia tena na tena ndani ya masharti.

Ya pili ni kujifunga na nyumba moja. iStock ina mkataba wa kipekee kwa wanaokubali kutouza picha za leseni hiyo ya kulipa mara moja mahali pengine. Stocksy, ushirika wa Canada ulioanzishwa mwaka 2012 na unaomilikiwa na wapiga picha wenyewe, nao unataka picha zilizoko kwao zisionekane sokoni kwingine.

Ya tatu ni wakala wa picha za uhariri, yaani za kueleza habari na mambo halisi badala ya kutangaza bidhaa, na za fani maalumu. Alamy ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1999 na kununuliwa na PA Media Group mwaka 2020, ndiyo maarufu kati ya zile zinazompokea mtu yeyote. Kando yake wapo mawakala wadogo waliobobea katika jambo moja: wanyamapori, sayansi, chakula, majengo, historia.

Ya nne ni duka lako mwenyewe, ama kwenye tovuti uliyoijenga, ama kupitia huduma kama PhotoShelter na SmugMug zinazokupa ghala, ukurasa wa kuonyesha na mfumo wa kupokea malipo.

Nitazipima kwa mambo matano: pesa inayobaki mkononi, wanunuzi wanavyokufikia, kazi iliyo nyuma ya kila picha, haki unazoachia na ugumu wa kutoka, na aina ya picha inayouzika. La nne nitalikalia kwa muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu ndilo lisilorekebishika kirahisi ukishakosea.

## Biashara ilivyofika hapa

Historia kidogo inasaidia, maana bila hiyo viwango vya leo huonekana kama vimetoka hewani.

H. Armstrong Roberts alifungua wakala wake Philadelphia mwaka 1920, na Otto Bettmann akaanzisha hifadhi yake New York mwaka 1936. Kwa miongo mingi baada yao kazi ilikwenda hivi: mpiga picha anatuma slaidi, wakala anazipanga kabatini, mteja anapiga simu, mtafiti wa picha anachambua na kumtumia chache za kuchagua. Kila matumizi yalikuwa na bei yake kulingana na ukubwa ukurasani, idadi ya nakala, nchi na muda. Walioingia walikuwa wachache, na waliokuwa ndani walilipwa vizuri.

Mwaka 1991 PhotoDisc ya Seattle ilianza kuuza mafungu ya picha kwenye diski: nunua mara moja, tumia utakavyo. Mwaka 2000 Bruce Livingstone akaanzisha iStockphoto kule Calgary, mwanzoni ikiwa mahali pa wasanifu kubadilishana picha bure. Mwaka 2003 Jon Oringer akaanzisha Shutterstock kwa picha zipatazo 30,000 alizopiga mwenyewe, akauza usajili badala ya picha mojamoja. Hapo bei ilianguka, na mlango ukafunguka kwa kila mwenye kamera.

Wakubwa hawakukaa wakitazama. Getty Images, iliyoanzishwa mwaka 1995, iliinunua iStockphoto mwaka 2006 kwa dola milioni 50. Mwishoni mwa mwaka 2014 Adobe ilitangaza kuinunua Fotolia kwa dola milioni 800, na mwaka uliofuata ikazindua Adobe Stock. Kisha Getty ikaamua kuachana na leseni za kila matumizi kwa picha za ubunifu, zoezi lililofungwa mwaka 2020. Januari 2025 Getty na Shutterstock zikatangaza mpango wa kuungana. Maana yake kwako wewe unayechagua: majina mawili tofauti huenda yakawa vyumba viwili vya nyumba moja. iStock ni ya Getty. Unsplash, tovuti ya picha za kutolewa bure, nayo ni ya Getty tangu mwaka 2021.

## Pesa inayobaki mkononi

Kwenye benki kubwa asilimia hutofautiana, na namna ya kuihesabu hutofautiana zaidi. Shutterstock ilibadili utaratibu wake Juni 2020. Kuna madaraja sita kuanzia asilimia 15 hadi 40, unapanda kwa idadi ya leseni ulizouza, na ifikapo Januari mosi kila mtu anarudi daraja la kwanza. Picha inayopakuliwa kwa usajili inaweza kukupa senti 10 tu, wakati awali kima cha chini kilikuwa senti 25. Wachangiaji wengi walizima mikusanyiko yao wakati huo kwa kupinga, na sioni kosa lao. Adobe Stock hulipa asilimia 33 ya bei ya picha, bila madaraja yanayofutwa kila mwaka. iStock humpa asiyejifunga asilimia 15.

Ukijifunga na iStock, mgawo hupanda hadi kati ya asilimia 25 na 45 kulingana na mauzo yako. Stocksy hutoa asilimia 50 kwa leseni ya kawaida na 75 kwa leseni pana, inayoruhusu matumizi zaidi.

Alamy ilipanga upya madaraja yake mwaka 2021. Wengi wako kwenye asilimia 40, na ambaye mauzo yake ya mwaka hayafiki dola 250 hushuka hadi 20. Bei ya leseni moja, hata hivyo, mara nyingi ni ya dola kadhaa au makumi ya dola, si senti. Duka lako mwenyewe linakuachia karibu bei yote ukitoa ada ya huduma na ya malipo. SmugMug, kwa mfano, hukata asilimia 15 ya faida unayoongeza juu ya gharama, lakini ada ya mwaka unalipa hata usipouza picha hata moja.

Sasa tuziweke namba hizi mezani kwa mfano. Picha ya mikono inayokanda unga ikipakuliwa mara 300 kwenye benki kwa senti 33 kila mara, umepata dola 99. Picha ya mnara wa kale uliokarabatiwa ikiuzwa na wakala kwa dola 80, nawe una asilimia 40, umepata dola 32. Picha ya aina adimu ya ndege ikinunuliwa na mchapishaji kwenye tovuti yako kwa dola 150, zote karibu ni zako. Ukiulizwa ni ipi iliyolipa vizuri, usikimbilie kujibu. Ile ya ndege usingeiuza mara 300 popote, na ile ya unga ingekaa kwenye tovuti yako miaka kumi bila kuulizwa. Asilimia peke yake haisemi chochote mpaka ujue picha itatakiwa na watu wangapi.

Kuna jambo jingine ambalo anayeanza halioni. Malipo hayatumwi mpaka ufikie kima fulani: dola 25 kwa Adobe Stock, 50 kwa Alamy, 100 kwa iStock. Mwenye picha 60 aliyezisambaza sehemu saba anaweza kuwa na vijipesa kila mahali na asipokee hata shilingi. Na kampuni za Marekani zinakutaka ujaze fomu ya kodi, W-8BEN kwa mtu asiye raia wala mkazi wa huko. Mauzo yaliyofanyika Marekani yanaweza kukatwa hadi asilimia 30 ikiwa nchi yako haina mkataba wa kodi nao. Ijaze mapema na kwa usahihi.

## Wanunuzi wanavyokufikia

Hapa benki kubwa hazina mfano. Adobe Stock imewekwa ndani ya programu zenyewe za usanifu: mtu anatengeneza bango kwenye Photoshop, anatafuta picha humo humo na kuinunua bila kufungua tovuti nyingine. Kwa picha inayotakiwa na kila mtu, ukaribu huo ni nguvu kubwa. Ubaya wake ni kwamba picha yako iko katikati ya mamia ya mamilioni. Ukipiga keki ya siku ya kuzaliwa, umejiunga na foleni ndefu sana ya keki.

Aliyejifunga huuza kwa wanunuzi wale wale wa nyumba hiyo, lakini picha zake zinaweza kupewa nafasi ya mbele na bei ya juu zaidi. Stocksy ina wateja wachache wenye macho makali, wanaotafuta picha isiyofanana na matangazo ya kila siku.

Wanunuzi wa Alamy na mawakala wa fani hutafuta kwa jina. Hawaandiki “maua mekundu”. Wanaandika jina la kisayansi la ua, jina la mtaa, jina la mashine, mwaka wa tukio. Ukiwa na picha hiyo na umeiandikia maelezo sahihi, mara nyingi mnashindana wawili au watatu tu.

Duka lako halina wanunuzi wowote siku unapolifungua. Itabidi uwatafute mmoja mmoja: wahariri, mashirika, taasisi, watu wanaopenda picha za ukutani. Huduma nzuri haikupi soko. PhotoShelter yenyewe ilijaribu kuwa soko mwaka 2007, ikakusanya picha za wanachama wake na kuziuza pamoja, kisha ikalifunga soko hilo mwaka 2008 na kurudi kwenye kazi ya kuwapa wapiga picha zana. Kama kampuni yenye wahandisi na watu wa mauzo iliona soko la picha ni gumu kulijenga, mtu mmoja aingie akijua anaingia wapi.

## Kazi iliyo nyuma ya kila picha

Kubofya kamera ndiyo sehemu fupi. Baada ya hapo kuna kusafisha vumbi, kurekebisha rangi, kuandika kichwa, maelezo na maneno ya utafutaji, na kuambatisha fomu za idhini.

Maneno ya utafutaji ndiyo yanayomtambulisha mchangiaji makini. Shutterstock inapokea hadi 50, Adobe Stock 49, na kwa Adobe mpangilio una uzito: yale ya mwanzo, hasa kumi ya kwanza, ndiyo yanayohesabiwa zaidi. Usijaze maneno kwa kuwa nafasi ipo. Picha ya mzee anayesoma gazeti haina haja ya neno “furaha” kama hacheki. Andika maelezo haya yote (metadata) ndani ya faili lenyewe kabla ya kupakia, maana ukifanya hivyo mara moja, kila benki itayasoma yenyewe. Hii ndiyo siri inayowafanya wasiojifunga waweze kuhudumia benki nne au tano bila kuchoka.

Fomu za idhini nazo. Mtu anayetambulika akionekana kwenye picha itakayotumika kwa tangazo, lazima awe ametia saini. Mtoto hutiliwa saini na mzazi au mlezi. Nembo za kampuni hufutwa. Baadhi ya majengo na kazi za sanaa zina ulinzi wake: Mnara wa Eiffel mchana hauna shida, lakini taa zake za usiku ni kazi yenye hakimiliki, na matumizi ya kibiashara yanahitaji ruhusa. Kwenye njia ya kwanza na ya pili mambo haya yatakurudishia picha nyingi. Kwenye njia ya tatu picha ya uhariri inaweza kupita bila fomu, mradi isitumike kutangaza bidhaa, na hapo ndipo mpiga picha wa mitaani anapopata pa kupumulia.

Ukaguzi hutofautiana kwa tabia. Benki kubwa hupima kila picha peke yake na kukataa zile zinazofanana mno. Alamy huchukua sampuli ya ulichotuma, na moja ikishindwa kwa sababu za kiufundi, fungu zima linarudishwa. Stocksy hukupima wewe kabla ya picha: unaomba kujiunga, unaonyesha kazi, na nafasi ni chache. Kwenye duka lako hakuna mkaguzi. Nasema hilo kama hasara, kwa kuwa jicho la mtu mwingine linalokataa picha yako ni shule isiyo na ada.

## Haki unazoachia, na ugumu wa kutoka

Hapa naomba usome polepole.

Bila kujifunga, unachotoa ni ruhusa ya kusambaza. Ukichoka, unafuta mkusanyiko wako na kuondoka, ingawa leseni zilizokwisha kuuzwa hubaki halali kwa waliozinunua. Hilo ndilo linaloifanya njia hii kuwa salama kwa anayejifunza. Ukikosea, umekosea kidogo.

Kujifunga kuna sura mbili na watu huzichanganya. Kuna kumfunga mtu na kuna kuifunga picha. iStock humfunga mtu: ukitia saini kwa upande wa picha, picha zako zote za leseni ya kulipa mara moja ni zao, hata zile ambazo hukuwapelekea. Huwezi kuacha zilizokataliwa kwao ukaziuza kwingine kwa leseni hiyo. Stocksy hufunga picha, siyo mkono wako wote. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya asilimia 10 au 20. Anayetaka kujifunga na iStock huku ana picha 3,000 kwenye benki nyingine lazima azitoe kwanza, apoteze nafasi zilizojengwa kwa miaka, na akija kutoka aanze upya sifuri.

Wakala wa njia ya tatu wengine wanataka picha ziwe kwao tu, wengine hawajali. Alamy haikulazimishi. Mawakala wadogo wa fani mara nyingi hutaka miaka kadhaa ya mkataba, na pengine kipindi cha kungoja baada ya kuuvunja. Uliza hayo kabla ya kuuliza asilimia.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mkataba unaoliandika kwa herufi kubwa: uliyemchagua anaweza kuuzwa. Mwaka 1996 Charles O’Rear alipiga picha ya kilima cha kijani katika wilaya ya Sonoma, California, akaiweka kwa wakala aitwaye Westlight. Mwaka 1998 Westlight ilinunuliwa na Corbis, kampuni ya Bill Gates. Baadaye Microsoft ikainunua picha yenyewe, nayo ikawa picha ya nyuma ya skrini katika Windows XP, mfumo wake wa kompyuta, iliyokaa mbele ya macho ya watu wengi mno. Kwa O’Rear kuhama mikono kulileta heri. Haiwi hivyo daima. Januari 2016 Corbis iliuza mikusanyiko yake kwa Visual China Group, na mauzo ya nje ya China yakakabidhiwa Getty. Aliyekuwa ameichagua Corbis kwa sababu hakuitaka Getty alijikuta picha zake ziko mlangoni pa yule aliyemkwepa.

EyeEm, soko la picha la Berlin, ni mfano wa karibu zaidi. Ilifilisika mwaka 2023, ikanunuliwa na Freepik, na mwaka 2024 masharti yakabadilishwa ili picha za watumiaji ziweze kutumika kufundishia akili mnemba. Asiyetaka alipaswa kufuta picha zake. Ndiyo maana kila mwaka mimi husoma upya masharti ya mahali nilipoweka picha, na nakala ya awali naihifadhi na tarehe yake.

Duka lako linakuachia haki zote, pamoja na mzigo wa kuzilinda. Utaandika leseni mwenyewe, utafuatilia wezi mwenyewe, na utaamua nani apewe matumizi ya pekee kwa bei gani. Kwa picha moja yenye thamani kubwa, uhuru huo hauna mbadala.

Neno moja kuhusu kutoa bure kupitia Unsplash au Pexels. Ruhusa unayotoa huko hairudi: atakayeipakua leo ataendelea kuitumia hata ukiifuta kesho. Wengine wamepata wateja wa kazi za kuagizwa kwa kujulikana huko. Ukichagua hilo, toa picha ambazo hukukusudia kuziuza kamwe.

## Aina ya picha, na hii akili mnemba

Picha nzuri ya dhana, kama vile kazi ya pamoja, afya, akiba ya fedha, safari au familia, ndiyo chakula cha benki kubwa. Ndiyo pia inayotishwa zaidi na picha zinazotengenezwa na kompyuta. Nyumba hizi hazijakubaliana. Getty ilikataa picha za akili mnemba mwaka 2022. Adobe Stock inazipokea zikiwa zimetajwa kuwa ni za aina hiyo, na programu yake ya kutengeneza picha, Firefly, ya mwaka 2023 ilifundishwa kwa picha za Adobe Stock, wachangiaji wakalipwa bonasi. Shutterstock iliunda mfuko wa kuwalipa wachangiaji ambao picha zao zimetumika kufundishia. Malipo ya namna hii yamo kwenye hesabu, lakini usijenge juu yake mpango wa maisha.

Kwa maoni yangu, mizani imehama, na nalisema hili nikijua linawaumiza waliojenga mikusanyiko mikubwa ya studio. Kompyuta inaweza kutengeneza watu wanne wakicheka mezani. Haiwezi kuthibitisha kwamba soko fulani lilionekana hivi mwezi fulani, au kwamba mto huu ulifurika hadi hapa. Mhariri na mchapishaji wa vitabu wanalipia ukweli huo. Kwa hiyo picha yenye mahali, tarehe na jina sahihi inafaa zaidi njia ya tatu na ya nne, nayo inazidi kuwa na thamani kadiri inavyozeeka.

Picha za studio zenye ladha ya pekee, mwanga usio wa kawaida na watu wasioigiza, hizo ndizo zinazotafutwa kwenye nyumba za kipekee kama Stocksy. Picha za ukutani, mandhari na vitu vya kipenzi cha kundi dogo la watu huuzika vizuri zaidi dukani kwako.

## Kulingana na hali yako

Kama ndiyo kwanza unaanza na una picha mia moja au mbili, usijifunge. Chagua benki mbili, siyo saba, ili usitawanye vijipesa. Pakia kidogo kidogo kwa miezi sita, tazama zinazopakuliwa na zinazokataliwa, kisha ndipo uamue kama uongeze.

Kama una muda mwingi wa kupiga studio, una watu wanaokubali kutia saini na unaweza kuzalisha mamia ya picha kila mwezi, benki kubwa zitakufaa kwa wingi. Linganisha kwanza mapato ya mwaka mzima kutoka kote na kile ambacho ungepata ukiwa wa kipekee. Kujifunga na iStock huwa na maana pale ambapo sehemu kubwa ya mauzo yako tayari inatoka huko. Ikiwa inatoka kwingine, unauza ulichonacho ili kununua ahadi.

Kama mtindo wako unatambulika hata jina lisipoandikwa, na unapiga picha chache kwa uangalifu mkubwa, omba Stocksy au nyumba ya aina hiyo. Ukikataliwa, picha bado ni zako na hujapoteza kitu.

Kama unatembea na kamera mitaani, kwenye viwanja, vituo vya treni na maandamano, na watu wako hawana fomu, nenda kwa wakala wa uhariri. Zingatia maelezo ya picha kuliko wingi wake. Uwe mvumilivu pia, kwa kuwa mauzo yanayoonekana kwenye akaunti yako leo yanaweza kuchukua miezi kabla ya kulipwa.

Kama wewe ni mtaalamu wa fani fulani, yaani daktari, mkulima, mhandisi au mwangalizi wa ndege anayepiga picha, maarifa yako ndiyo bidhaa. Tafuta wakala wa fani hiyo, na sambamba na hapo fungua tovuti ndogo yenye majina sahihi ya kitaalamu, kwa maana wanaokutafuta watakupata kwa majina hayo.

Kama tayari una wateja wanaokuagiza kazi, duka lako liwe la kwanza. Wateja hao watanunua pia picha ulizonazo ukiwaonyesha, nawe huna sababu ya kumpa wakala nusu ya fedha ya mtu uliyemleta mwenyewe.

Unaweza pia kuchanganya, na wengi hufanya hivyo: za dhana benki, za uhariri kwa wakala, zilizo bora kabisa dukani. Sharti lake ni moja. Usiweke picha ile ile kwenye benki ya senti na kwa wakala wa makumi ya dola, maana mnunuzi anajua kutafuta kwa kutumia picha, na ataikuta ya bei rahisi kwa dakika moja. Weka orodha yenye safu tatu tu: jina la faili, mahali ilipo, aina ya leseni uliyotoa. Ianze leo kabla ya kupakia ya kwanza. Ukifika picha 500 bila orodha hiyo, hutakumbuka ni ipi uliyoahidi kutoiuza tena.

Na kama una masanduku ya slaidi na negativu za miaka ya nyuma, usizipeleke benki kubwa hata kama kuna anayekushawishi kwa urahisi wake. Skani chache zilizo bora, thelathini hivi. Andika nani, wapi na mwaka gani ungali unakumbuka, halafu ziende kwa wakala wa picha za historia au zibaki kwako ukiziuzia leseni moja moja.